Kuvua kwa mshipi miambani na ufukweni ukiwa safarini: fimbo moja inatosha?

Begi_Moja:
Wakuu, salaam. Nina safari ya siku kumi kando ya bahari. Kuna fukwe za mchanga mtupu na kuna majabali yanayoshuka wima hadi majini. Hakuna chombo, ni kuvua kwa miguu tu, na mzigo lazima uwe mdogo: fimbo moja, rili moja. Mshipi nilionao ni wa kusukwa, milimita 0.23, na chubwi (risasi ya kuzamisha mshipi) la gramu 120. Nikirusha kwa nguvu mshipi unakatika na chubwi linakwenda peke yake. Miambani ndiyo balaa, chubwi linanasa karibu kila nikirusha. Nakosea wapi? Na ni maji yapi ya kuvua, ya kujaa au ya kupwa?

Kusi_na_Kaskazi:
Fimbo moja inatosha, mkuu. Tafuta ya vipande vitatu au vinne, urefu wa meta 3.3 hadi 3.6, yenye kuhimili chubwi la gramu 60 hadi 120. Ikiwa fupi zaidi, miambani mshipi utasugua ukingo wa jiwe, na ufukweni mawimbi ya karibu yataupiga na kuukokota. Ya meta 4 na ushee inarusha mbali, lakini juu ya jabali lenye upepo itakuchosha mikono kabla ya saa mbili kwisha. Rili iwe ya ukubwa wa 6000 hadi 8000, ijazwe mshipi mpaka ubaki upenyo wa milimita mbili hivi kufikia ukingo wa bobini, yaani kigurudumu cha rili kinachobeba mshipi.

Kukatika kwako kuna sababu moja kubwa: mshipi wa kusukwa haunyumbuki. Mshtuko wote wa gramu 120 unaangukia uzi mwembamba. Unganisha mbele kipande cha nailoni nene. Kipimo chake ni kilo 4.5 za nguvu kwa kila gramu 28 za chubwi, kwa hiyo wewe unahitaji nailoni ya kilo 20 au zaidi kidogo. Urefu wake: chubwi likining'inia tayari kurushwa, nailoni ipande hadi ncha ya fimbo, ishuke hadi kwenye rili, kisha ijizungushe kwenye bobini mara tano au sita. Kwa fimbo yako ni kama meta 6 hadi 8.

Fundo la kuunganisha mshipi na nailoni lisiikunje nailoni. Uzungushe uzi wa kusukwa juu ya nailoni iliyonyooka, kulia na kushoto kwa zamu, mara 20, lowesha kwa mate, kaza taratibu mpaka rangi ya uzi igeuke, ndipo ufunge mafundo madogo ya kulizuia. Fundo nene linagonga pete za fimbo, na hapo ndipo mshipi unapokatikia.

Sababu ya pili ni breki ya rili. Ikiwa legevu, bobini inazunguka katikati ya kurusha na mshipi unakukata kidole. Ikaze kabisa kabla ya kurusha, chubwi likitua ilegeze. Na tafadhali angalia nyuma na pembeni kila mara. Chubwi lililokatika linaweza kuua mtu.

Jabali_Bichi:
Hayo ya nailoni ni sahihi kwa mchanga. Miambani mambo ni mengine: chubwi *litanasa* tu, kwa hiyo panga mapema kitakachokatika. Kati ya chubwi na mshipi mkuu funga kipande dhaifu cha nailoni ya kilo 4 au 5, urefu wa sentimita 30. Likinasa unapoteza chubwi tu, ndoana na samaki vinarudi. Lakini kipande hicho hakivumilii kurusha kwa nguvu, basi usirushe hivyo. Tumia gramu 40 hadi 60 na ulitupe kwa kulipembea, meta 10 hadi 25 tu. Chini ya jabali la wima tayari pana kina, samaki wako hapo hapo.

Ila mimi ningeacha chubwi la chini na kutumia boya. Ning'iniza chambo meta 2 hadi 4 chini ya boya, na risasi ndogo ya kulisimamisha. Liache litembee kwenye pindo la povu jeupe, maana wimbi linapobomoka juu ya mwamba linang'oa kaa na konokono, na povu linawaficha samaki wanaokuja kuwala. Chewa au changu akishika, sekunde tatu za mwanzo ndizo zinaamua: breki kali, inua fimbo, asipate kuingia pangoni. Akishaingia, legeza mshipi kabisa usubiri dakika moja au mbili, mara nyingine hutoka mwenyewe. Usimnyanyue mkubwa kwa mshipi mtupu. Subiri wimbi limpandishe, au uwe na kulabu ya mpini mrefu.

Sasa usalama, na hili nalisema kwa msisitizo. Kaa juu dakika 30 ukitazama bahari kabla ya kushuka. Mawimbi makubwa huja kwa mafungu, na dakika tano za utulivu hazikuambii kitu. Jiwe lililolowa maana yake wimbi hufika hapo. Vaa jaketi la kuokolea, usivae mabuti marefu ya mpira kwani yakijaa maji yanakulemea, na usiipe bahari mgongo hata unapofunga ndoana. Mwenzako akianguka, usimrukie. Mtupie kamba au dumu tupu lililofungwa, mwambie aogelee *mbali* na mwamba hadi penye utulivu.

Begi_Moja:
Shukrani sana. Basi ufukweni nirushe umbali gani? Na chambo?

Ngisi_na_Chumvi:
Umbali unaamuliwa na mchanga. Fika maji yakiwa yamekupwa, panda mahali pa juu, tazama. Mawimbi yanapovunjika pana fungu la mchanga, penye maji meusi yasiyovunjika pana mfereji. Samaki hupita mferejini, na mara nyingi mfereji uko meta 20 hadi 40 tu. Wanaorusha meta 100 wanawaruka. Weka alama kwa mti au jiwe, maana maji yakijaa hutauona tena.

Vua kuanzia saa ya pili ya kujaa mpaka saa moja baada ya maji kusimama. Saa ya tatu na ya nne maji hutembea kwa kasi kuliko zote, na chakula hutembea nayo. Bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hukokota chubwi, tumia lenye vijiti vya waya vinavyoshika mchanga. Maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, yanafaa zaidi miambani.

Chambo bora cha safari ni ngisi: vipande vya upana wa sentimita 1 na urefu wa 8, ncha ya ndoana ibaki wazi. Dagaa au vibua vipake chumvi ya mawe usiku kucha, vikikauka havitoki kwenye ndoana wala havihitaji barafu. Ndoana ziwe za duara, saizi 1/0 hadi 4/0, na samaki akivuta usishtue fimbo, zungusha rili tu. Ukiona mshipi unakatwa safi kama kwa wembe, huyo ni mzia: weka waya wa sentimita 20.

Kusi_na_Kaskazi:
Naongeza machache. Rili isilale mchangani hata mara moja, beba bomba la plastiki la meta 1 la kusimamishia fimbo. Jioni kaza breki ndipo uioshe kwa maji yasiyo na chumvi ya kunyunyiza, kwani maji ya kasi yanaisukuma chumvi ndani. Ikikauka legeza breki. Ulizia vibali na maeneo yaliyofungwa kwa ofisi ya uvuvi kabla ya siku ya kwanza. Bunju mrudishe majini, sumu yake haiishi kwa kupikwa. Na ukiingia majini kusubiri samaki, buruza miguu, usiinyanyue, ili samaki taa aliyejifukia mchangani akusikie na kuondoka.