Mzee amekataa kusimamishwa kanisani Jumapili ya akina baba. Nifanyeje?

Binti wa Mkorosho:
Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Naomba ushauri, hasa wa watu wa kusini, maana wa kwingine mtanicheka. Parokiani kwetu, njia hii ya Masasi kwenda Ndanda, sisi WAWATA, akina mama Wakatoliki, tumekubaliana kwamba Jumapili ya tatu ya Juni kila familia imsimamishe baba yake mbele baada ya komunyo. Mtoto mmoja aseme maneno mawili, mzee avishwe shati la kitenge, basi. Siku ya akina mama tulifanya hivyo hivyo, mama yangu alilia mpaka kilemba kikamdondoka.

Mzee wangu kakataa. Nilimkuta chini ya mwembe kafungua mashine ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, bomba limeziba, analipuliza kwa mdomo. Nikamweleza. Hakuinua hata kichwa. "Nisimamishwe kama nani? Watoto wana wenyewe."

Mnaojua mmeshaelewa. Sisi ni Wamakua, mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba alikuja kuoa kwetu 1979, akajenga kwenye ardhi ya bibi yetu, akapanda mikorosho kwenye ardhi hiyo hiyo. Tulipoposwa mimi na dada zangu, aliyezungumza ni mjomba. Baba alikaa mwisho wa jamvi kama mgeni aliyechelewa.

Mwaka 2000 nilifaulu darasa la saba. Kikao kikakaa, mjomba akasema kwa mtoto wa kike inatosha. Baba hakufungua mdomo. Kesho yake alfajiri baiskeli haipo, na bati kumi na mbili alizokuwa anazitunza chini ya kitanda hazipo. Jioni akarudi na godoro, ndoo na kitambaa cha sare. Jiko la mama likabaki la nyasi miaka tisa, kila masika tunapika tukikwepa matone. Hayo ya bati nilikuja kuambiwa na mama nikiwa na mimba yangu ya kwanza. Mwenyewe hajawahi kuyataja mpaka leo.

Sasa nimlazimishe? Nimpe shati nyumbani kimya kimya? Wadogo zangu wanasema mzee anaringa tu.

Mama Jumuiya:
Marahaba mwanangu. Haringi huyo.

Kwanza mmechagua tarehe bila kuwauliza wenyewe. Juni ndiyo salfa inaanza. Saa kumi usiku mwanamume yuko shambani, kwa sababu unga unataka jani liwe na umande na upepo uwe umelala. Ukichelewa, ugonjwa wa ubwiriunga unakula maua na msimu umekwisha hapo. Baba wa watu anatoka huko macho mekundu, ananuka salfa, anaoga haraka awahi misa, akisinzia kwenye mahubiri mnasema alikunywa. Halafu mnataka mumpeleke mbele watu wamtazame!

Mtakatifu Yosefu katika Injili zote nne hana neno hata moja alilosema. Kaota, kaamka, kamchukua mama na mtoto wakaenda Misri. Baba yako ni wa kundi hilo. Nenda ukamshikie tochi alfajiri moja. Shati litafuata.

Nakaa Benchi la Nyuma:
Samahani nitaharibu hali ya hewa kidogo. Wangu aliuza korosho kwa kangomba, wale walanguzi, zikiwa bado maua, hela ikaishia kwenye pombe ya uraka, na usiku ikawa ngumi. Siku ya akina baba mimi nakaa karibu na mlango. Sipingi mzee wa huyu dada kuheshimiwa, amestahili. Ila hilo la "kila familia" liondoeni. Na siku hiyo msomaji asiishie kwenye "enyi watoto, watiini wazazi wenu". Ateremke mistari mitatu tu, Waefeso 6:4, akina baba wasiwachokoze watoto wao. Huo siusikii ukisomwa.

Mama Jumuiya:
Pole mwanangu. Hili nitalisema kwenye kikao.

Mjomba wa Newala:
Nami ni mjomba, tena Mwanglikana, kwa hiyo nipigeni mawe taratibu.

Binti, shemeji yetu amekujibu kwa adabu ila hukumsikia. Amesema watoto wana wenyewe. Basi wenyewe ndio wamsimamishe! Wewe ukimwinua peke yako, pale kanisani ataonekana amejitwalia kisicho chake, na wakwe zake wamekaa wanamtazama. Mjomba wako ndiye amshike mkono ampeleke mbele. Akikubali, baba yako hana tena pa kukatalia.

Sisi huku jambo hili si geni. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, hakulipiga vita jando. Alilichukua akalitia sala, wazee wakabaki mahali pao. Nawe pitia mlangoni, usivunje ukuta. Nenda na sukari.

Na mimi nina shemeji wa namna hiyo. Ana miaka thelathini kwetu, sijui kama nimewahi kumwambia asante. Mmenitia aibu asubuhi asubuhi.

Binti wa Mkorosho:
Narudisha majibu.

Tochi nimeshika Jumatano. Maneno aliyoniambia shambani ni haya tu: "Mulika juu, unanimulika miguu." Nimekohoa siku mbili. Yeye anafanya hivyo tangu sijazaliwa, leso tu puani.

Ijumaa nikaenda kwa mjomba na kilo mbili za sukari. Kazeeka, anasikia kwa sikio moja. Nikamweleza yote, na la bati nikalisema, liwalo na liwe. Akanyamaza mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza, "Zilikuwa kumi na mbili?" Nikasema ndiyo. "Mimi nilihesabu kumi." Kumbe siku ile alikutana naye njiani, bati zimefungwa nyuma ya baiskeli. Akapisha, na asimwambie mtu.

Jana jioni kaja nyumbani kwa bodaboda. Wakakaa chini ya mwembe wawili, mimi na mama tukajifanya tunachambua mchele. Sikusikia kitu, kusini tunaongea chini chini. Mjomba alipoondoka, baba akaniita.

"Hilo shati lina mfuko?"

Nikamwambia linao.

"Wa kifuani? Maana miwani nitaiweka wapi."