Naomba ushauri: lengo la ujifunzaji wa wanafunzi kwenye tathmini yangu

Habari zenu walimu wenzangu. Nipo Tandahimba, Mtwara, nafundisha darasa la pili. Mwaka huu mwalimu mkuu anataka kila mmoja wetu, kwenye majukumu anayojaza PEPMIS (mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi), aweke pia lengo la ujifunzaji: wanafunzi wangapi watakuwa wanasoma ifikapo mwisho wa mwaka, na mwalimu huyo apimwe kwa hilo.

Wazo nalikubali kabisa. Ni haki zaidi kuliko kukaguliwa maandalio ya somo tu. Shida ni namna ya kuliandika. Mwalimu mkuu anapendekeza "asilimia 80 wasome kwa ufasaha". Lakini nimewapima: wapo wanaosoma hadithi fupi bila kukwama, na wapo ambao "ba" na "da" bado zinawachanganya, wanakisia kwa kuangalia picha. Mtoto huyu akifika kusoma sentensi nzima ni kazi kubwa imefanyika, ila kwenye hiyo asilimia haonekani. Halafu Oktoba korosho zikidondoka, baadhi wanakuwa shambani wanaokota na wazazi.

Kule Denver, Marekani, kwenye majaribio ya kuwalipa walimu kwa matokeo yaliyoanza 1999, mwalimu alikubaliana malengo na mkuu wake wa shule. Nami nataka kuomba hivyo: malengo kwa makundi, kila mtoto apimwe kuanzia pale alipokuwa.

Mliokwisha kufanya hivi, mliandikaje? Watoro wa msimu mliwahesabu? Na jaribio la mwisho alisimamia nani? Maana nikiwapima mwenyewe, nani ataamini?