Kuzuru magofu ya Oradour-sur-Glane: je, inafaa kwenda, na mtu aende vipi?

Mwalimu wa Chake

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu wa historia katika skuli ya sekondari hapa Chake Chake, na mwezi wa sita, Mwenyezi Mungu akipenda, nitakwenda Ufaransa kumtazama dada yangu aliyeolewa huko, karibu na mji wa Limoges. Dada amenitengea siku moja ya kunipeleka Oradour-sur-Glane, kijiji ambacho wakaazi wake waliuawa na askari wa Kijerumani tarehe 10 Juni 1944 na ambacho magofu yake yameachwa kama yalivyokutwa baada ya moto. Kutoka Limoges si mbali. Ni mwendo usiofika kilomita 25.

Nataka sana kwenda. Kila mwaka nikifundisha Vita vya Pili vya Dunia nataja majeshi, mikataba na tarehe, lakini watu wa kawaida waliouliwa majumbani mwao nawapitia kwa sentensi moja, na hilo limeanza kunielemea. Hata hivyo ami yangu, ambaye ndiye aliyenilea, hakuipenda khabari hiyo. Ameniambia kwamba Mtume (S.A.W.) alipopita Hijr, penye majumba ya Thamud, aliwakataza masahaba zake wasiingie isipokuwa wawe wanalia, na kwamba mahali pa mauti hapaendwi kwa matembezi. Sitaki kumkosea adabu, wala sitaki kwenda nikarudi na picha za simu tu.

Jambo la pili ni mtoto wa dada, mwenye miaka 10, ambaye anataka kufuatana nasi. Je, kuna ubaya kumpeleka? Aliyewahi kufika anieleze na muda wa kutosha kupazuru mahali hapo ni kiasi gani.

Kijana wa Malindi

Wa alaykum salaam, Bi Mwalimu.

Nilisoma Limoges kwa miaka mitatu na Oradour nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda vibaya, na kwa sababu hiyo nakuandikia kwa urefu. Nilifika alasiri zikiwa zimebaki dakika chache pafungwe, nikapita mbio nikipiga picha, na niliporudi nyumbani sikuweza kumweleza mtu chochote zaidi ya kuta. Mara ya pili nilikwenda asubuhi, nikakaa hadi baada ya adhuhuri, na simu nikaiacha mfukoni.

Mtu huingilia kwenye Kituo cha Kumbukumbu, ambacho kilifunguliwa mwaka 1999 na Rais Jacques Chirac, halafu akapita njia ya chini ya ardhi na kutokea kijijini. Maonyesho ya kituoni yana kiingilio, lakini magofu yenyewe hayalipiwi. Langoni pana kibao chenye agizo la kukumbuka, na kingine kinachowataka watu wanyamaze. Kisha inaanza barabara kuu. Reli za tramu iliyokuwa ikitoka Limoges bado zimelala katikati yake, nguzo za nyaya zimesimama, na kwenye kila nyumba pana kibao cha jina la mwenyewe na kazi yake: muoka mikate, kinyozi, fundi viatu, muuza nguo. Paa hakuna. Ndani utaona cherehani iliyoota kutu, kitanda cha chuma kilichopinda, sufuria, baskeli iliyotundikwa ukutani. Sisi tuliokulia Unguja magofu si kitu kigeni kwetu, na mimi utotoni nimecheza sana kwenye nguzo za Maruhubi, jumba la Sayyid Barghash lililoungua mwaka 1899. Lakini Maruhubi inakuonyesha enzi ya mfalme, na mtu anaweza kuitazama kwa mbali. Oradour inakuonyesha jiko la mama mmoja ambaye mchana ule alikuwa amekwisha kuosha vyombo.

Ukifika kwenye uwanja wa gulio, simama. Hapo ndipo watu walipokusanywa mchana wa Jumamosi ile kwa kisingizio cha kukaguliwa vitambulisho. Walioizunguka Oradour walikuwa askari wa divisheni ya Waffen-SS, yaani jeshi la chama cha Nazi cha Hitler, iliyoitwa Das Reich, ambayo ilikuwa njiani kuelekea kaskazini kwa sababu siku nne kabla yake majeshi ya Washirika, waliokuwa wakipigana na Ujerumani, yalikuwa yameshuka Normandy, pwani ya kaskazini ya Ufaransa, na ambayo jana yake, katika mji wa Tulle, ilikuwa imewanyonga wanaume 99. Wanaume wa Oradour waligawanywa wakapelekwa kwenye mabanda na maghala 6, wakapigwa risasi, kisha wakafunikwa majani makavu na kuni, wakachomwa moto, wengine wakiwa bado hai. Kutoka katika banda moja walisalimika wanaume 5 waliokuwa wamelala chini ya maiti za wenzao. Mmoja wao, Robert Hébras, alitumia miaka mingi ya uzee wake kuwasimulia watoto wa skuli, na alipofariki mwaka 2023 hakubaki tena aliyenusurika.

Wanawake na watoto walifungiwa kanisani. Walikuwa zaidi ya 400. Askari waliingiza sanduku lililotoa moshi mzito wa kukaba roho, wakafyatua risasi, wakatia moto. Aliyetoka hai ni mwanamke mmoja tu, Marguerite Rouffanche, ambaye alijirusha kupitia dirisha la nyuma ya madhabahu, akapigwa risasi kadhaa, akajikokota hadi shambani na kujificha katikati ya mimea ya njegere mpaka siku ya pili. Ndani ya kanisa alimwacha mjukuu wake mchanga na binti zake wawili. Dirisha lile lipo, utaliona. Kengele ya kanisa iliyeyuka ikawa bonge la chuma, nayo iko pale pale sakafuni, na mbele ya madhabahu pana mabaki ya kigari cha kusukumia mtoto. Mimi sikuweza kukaa humo zaidi ya dakika kumi.

Usiondoke bila kufika makaburini. Idadi iliyojulikana kwa miaka mingi ni watu 642, na baadaye ikawa 643 baada ya kutambuliwa mwanamke mkimbizi wa Kihispania ambaye hakuna aliyekuwa amemhesabu. Huko makaburini majina yamepangwa kwa familia, na picha zao zimepigwa kwenye vibati vya kauri: harusi, watoto waliovaa nguo za sikukuu, vikongwe. Nakushauri usome majina, hata kama huwezi kuyatamka sawasawa.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu, soma pia khabari ya kesi ya askari hao ya mwaka 1953 mjini Bordeaux, kwa sababu nadhani bila hiyo mtu huondoka akidhani kwamba dhulma iliishia siku ile ile. Walioshitakiwa walikuwa 21, na 14 kati yao walikuwa watu wa Alsace, sehemu ya Ufaransa iliyo mpakani na Ujerumani, ambao wote isipokuwa mmoja walisema waliingizwa jeshini kwa nguvu baada ya Ujerumani kuitwaa sehemu yao. Hukumu ilipotolewa Alsace ilikasirika, na hazikupita siku nyingi Bunge la Ufaransa likapitisha sheria ya msamaha kwa waliolazimishwa. Watu wa Oradour walirudisha nishani waliyopewa na serikali, wakakataa majivu ya ndugu zao yasiwekwe katika jengo la kumbukumbu ambalo serikali ililijenga, na wakabandika langoni mwa kijiji majina ya wabunge waliopiga kura ya kusamehe. Jenerali Lammerding, kamanda wa divisheni yenyewe, hakupelekwa Ufaransa kujibu mashitaka, akafia Ujerumani mwaka 1971. Mimi nilipolijua hilo ndipo nikafahamu kwa nini kijiji kipya, kilichojengwa pembeni ya magofu, kiliishi katika matanga kwa miaka mingi bila ngoma wala dansi.

Maalim wa Wete

Mwanangu, ami yako amekutajia hadithi sahihi, na amefanya hivyo kwa kukuonea huruma. Usimjibu kwa ukali. Lakini mkumbushe kwa upole kwamba Thamud walikuwa watu waliojidhulumu nafsi zao wakateremshiwa adhabu, na hao wa Oradour ni watu waliodhulumiwa na binadamu wenzao. Mahali pawili hapo hapafanani. Anayetaka mfano ulio karibu zaidi na aisome Suratul-Buruj, ambamo Mwenyezi Mungu anawataja watu waliotiwa katika handaki la moto huku madhalimu wamekaa kando wakitazama.

Kuhusu makaburi, Mtume (S.A.W.) aliruhusu yazuriwe baada ya kuwa alikataza mwanzo, kwa sababu yanakumbusha Akhera. Katika hadithi ile ya Hijr naona umo ushauri unaokufaa wewe vile vile: usiingie ukiwa unacheka. Nenda ukiwa umenyamaza, na umwombe Mola akuepushe usije ukawa mwenye kudhulumu wala mwenye kuitazama dhulma akanyamaza. Ami yako akisikia kwamba unakwenda kwa nia hiyo, nadhani atakupa radhi yake.

Mtembeza Wageni, Mkunazini

Bi Mwalimu, mimi Ufaransa sijafika. Kazi yangu ni kuwapokea wageni hapa Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa ambalo Sayyid Barghash alilifunga mwaka 1873, na naomba niongeze neno kuhusu mtoto, kwa kuwa watoto nawaona kila siku.

Pale kwetu lipo sanamu la mwaka 1998 lililochongwa na Clara Sörnäs: watu watano wamesimama ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni. Mtoto aliyeandaliwa na mzazi wake hufika akanyamaza mwenyewe, akauliza maswali mazito kuliko ya watu wazima. Asiyeandaliwa huruka ukingoni, na mimi simlaumu yeye. Kwa hiyo mweleze mtoto wa dada yako nyumbani, siku moja kabla, kwa maneno machache ya kweli. Mwambie pia khabari ya Roger Godfrin, mtoto wa skuli ambaye familia yake ilikuwa imefukuzwa na Wajerumani kutoka Charly katika jimbo la Moselle. Alipowaona askari hakungoja kukaguliwa, alikimbia, na katika watoto waliokuwa skuli siku ile alinusurika yeye peke yake. Kijiji chao cha zamani sasa kinaitwa Charly-Oradour. Mtoto wa miaka 10 atamshika huyo moyoni, na atakuwa na mtu wa kutembea naye kijijini.

Lipo na jambo jingine ambalo linanigusa katika kazi yangu. Wageni wetu huteremshwa kwenye vyumba vya chini ya jengo na kuambiwa kwamba humo ndimo walimofungiwa watumwa, ilhali jengo la juu yake lilijengwa na wamishionari baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaovitilia shaka vyumba hivyo. Mimi huwaeleza wageni hivyo hivyo, na wengine hukasirika kana kwamba nimewanyang'anya kitu. Oradour haina shaka hiyo. Jenerali de Gaulle, aliyekuwa kiongozi wa Ufaransa wakati huo, alifika mwezi Machi 1945, ikaamuliwa magofu yabaki, na sheria ya mwaka 1946 ikayalinda. Ukuta unaouona ndio ukuta wenyewe, na kwa sababu hiyo unahitaji maneno machache sana. Ukimwona mtembezaji anayezungumza mfululizo, jitenge naye.

Mwalimu wa Chake

Nawashukuru nyote kwa dhati. Maalim, nimemsomea ami yangu ujumbe wako baada ya Magharibi. Alinyamaza kidogo, akaniambia niende, na nikirudi nimsimulie yeye kwanza kabla ya wanafunzi.

Nimekwisha kufikiria namna ya kulifundisha. Wanafunzi wangu wataniuliza mauaji ya Ufaransa yanatuhusu nini sisi, na nitawajibu kwa kuwapeleka Songea kwanza, ambako Wajerumani waliwanyonga wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 mwezi Februari 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea mwezi Novemba 2023 akaomba msamaha, na mwezi Juni 2024 alikuwa Oradour pamoja na Rais Emmanuel Macron katika kutimia miaka 80. Mtu yule yule, katika muda usiofika mwaka mmoja. Hata ya kwetu ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ambayo tumeyasikia barazani kwa sauti ya chini zaidi ya tulivyoyasoma kwenye vibao vya kumbukumbu, huenda darasa likaweza kuyagusa kwa adabu likianzia mbali namna hii.

Nina suali moja lililobaki. Ningependa kukaa mahali nisome Suratul-Buruj kimya kimya, bila kumkwaza mtu yeyote. Je, kanisani inafaa?

Kijana wa Malindi

Kanisani ni padogo na watu hupita wakisimama kwa zamu, kwa hiyo sidhani kwamba utapata utulivu. Rudi kwenye uwanja wa gulio. Pembeni yake lipo gari lililobaki gamba la kutu, ambalo wageni wote huambiwa lilikuwa la daktari. Watu hulipiga picha upesi wakaendelea na njia yao, kisha uwanja hubaki mtupu. Ukisimama upande wa pili wa gari hilo unaiona barabara yote inavyoteremka kuelekea kanisani, na ndiyo njia waliyopitishwa wanawake na watoto. Nenda mapema, mara tu lango likifunguliwa, kabla ya mabasi ya wanafunzi kufika. Chukua na koti, kwa sababu hata mwezi wa sita mvua ya huko hainyeshi kwa taarifa, na mle ndani hakuna paa la kujikinga. Mvua hiyo na baridi ya majira ya kipupwe ndivyo vinavyozila kuta sasa, kwa hiyo usishangae ukikuta sehemu zimezungushiwa uzio na mafundi wako juu wakiziba nyufa jiwe kwa jiwe.