Ulinganisho: XMODEM, Kermit au ZMODEM kwa programu ya kuhamisha faili kwenye kompyuta za zamani?

Kipanga_Z80 (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Nina programu ndogo ya kuhamisha faili kwa waya wa siriali, nataka kuitoa bure pamoja na msimbo chanzo kwa wanaotunza mashine za CP/M (mfumo endeshi wa kompyuta ndogo kabla ya MS-DOS), MS-DOS za mwanzo na Unix za miaka ya 80. Upande wa pili utakuwa kompyuta yoyote ya leo yenye adapta ya USB. Mashine ya KB 64 haina nafasi ya kubeba itifaki (kanuni za kubadilishana data) tatu, kwa hiyo lazima nichague moja ya kuitegemea.

XMODEM ya Ward Christensen, Chicago, 1977: fupi kuliko zote. Hutuma baiti 128, husubiri jibu, kisha huendelea.
Kermit ya Chuo Kikuu cha Columbia, 1981: inapita karibu kila mahali, ila inasifika kwa uzito.
ZMODEM ya Chuck Forsberg, 1986: inatiririka bila kusimama, ina CRC (hesabu ya kukagua makosa) ya biti 32, na mawasiliano yakikatika inaendelea pale ilipoishia.

Mimi naegemea ZMODEM. Naombeni hoja zenu, hasa mliowahi kuzishika mashine hizi.

MamaTerminali

Mkuu, kabla ya kasi jiulize waya wako unapitisha nini.

Kermit ilitokana na shida halisi. Wanafunzi wa Columbia walikuwa na nafasi finyu kwenye diski za kompyuta kubwa ya DECSYSTEM-20, hivyo ikatafutwa njia ya kuhifadhi kazi zao kwenye flopi kupitia kompyuta ndogo. Frank da Cruz na Bill Catchings ndio walioibuni. Tatizo ni kwamba chuo kilikuwa pia na mashine za IBM: zilitumia mpangilio wa herufi wa EBCDIC badala ya ASCII, biti ya nane ilichukuliwa na pariti (biti ya kukagua makosa), na pande mbili hazikuruhusiwa kusema kwa wakati mmoja. Herufi ya udhibiti (isiyochapika) ikipita hapo humezwa au huchukuliwa kama amri.

Ndiyo maana pakiti ya Kermit, ukiacha alama ya kuanzia na ya kumaliza, ni herufi zinazochapika tu. Namba za urefu na mfuatano huongezewa 32 ziwe herufi za kawaida. Herufi ya udhibiti hufanyiwa XOR na 64 (biti yake moja hugeuzwa), kisha hutanguliwa na #. Baiti yenye biti ya nane hutanguliwa na & pale waya unapobeba biti saba. XMODEM na ZMODEM zote zinadai biti nane kamili, ukizikosa, umekwama.

Ninalolipenda zaidi ni pakiti ya kwanza kabisa. Kila upande unataja unachoweza: urefu wa pakiti, aina ya ukaguzi wa makosa, alama za kutanguliza. Lisilojulikana upande mmoja linaachwa. Kwa hiyo toleo lako la mwaka huu litaelewana na Kermit ya 1983 ambayo hujawahi kuiona. Ukitoa programu kwa watu usiowajua, kwa mashine usizozijua, hilo ni jambo kubwa sana.

Bahari8biti

Dada amenena vizuri, ila hakuna aliyegusa programu yenyewe itafikaje kwenye mashine. Kompyuta isiyo na programu ya kupokea faili haiwezi kupokea programu ya kupokea faili. Na usitegemee flopi: diski za CP/M za inchi 5.25 zilipangwa kila kampuni kwa namna yake, ya mashine hii mara nyingi haisomeki kwenye ile.

Njia iliyopo ndani ya CP/M ni hii. Toa programu kama faili la Intel HEX, ambalo ni maandishi matupu na kila mstari una hesabu yake ya ukaguzi. PIP, programu ya kunakili, inalipokea kutoka RDR: (mlango wa kusomea), kisha LOAD inaligeuza kuwa .COM, yaani programu inayoendeshwa. Njia hii haina namna ya kuomba mstari ulioharibika utumwe tena, kwa hiyo faili likiwa refu utateseka.

Hapo ndipo XMODEM inapowazidi wenzake. Mpokeaji wake kwa asembli ya prosesa ya 8080 anaingia kwenye baiti mia chache tu, mtu anaweza hata kuziandika kwa mkono kupitia DDT (programu ya CP/M ya kukagua na kurekebisha msimbo). Na baiti 128 ni kipimo kilekile cha rekodi ya CP/M, kila bloku inakwenda diskini moja kwa moja.

Udhaifu wake upo pia. Haitumi jina la faili. Urefu halisi unapotea kwa sababu bloku ya mwisho inajazwa hadi 128. Hesabu ya ukaguzi ya mwanzo ni baiti moja, na makosa mawili yanaweza kufutana bila kuonekana. Weka ile ya CRC.

Nyuki_C

Mimi naongelea lugha, maana hapa ndipo matoleo mengi yanapofia.

Asembli kwa kila mashine ni ndogo na ya haraka, ila utaandika upya milele. C inahama, mradi ujizuie. Chukulia int ni biti 16. Tumia unsigned char, kwa sababu kwa kompaila nyingine char ina alama ya hasi na baiti zaidi ya 127 zitakuvurugia hesabu yote ya ukaguzi. Majina ya fankisheni zinazoonekana nje yatofautiane ndani ya herufi sita za mwanzo, linka (programu za kuunganisha vipande vya msimbo) za zamani haziangalii zaidi ya hapo.

Kisha tenga sehemu ya siriali. BIOS ya CP/M 2.2 (sehemu ya mfumo inayogusa vifaa) ina READER ya kusoma na PUNCH ya kuandika, lakini haina njia ya kawaida ya kuuliza kama herufi imefika bila kukwama ukiisubiri. Kwa hiyo programu lazima iguse chipu ya siriali yenyewe, huku Z80 SIO, kule 8251. Kermit ya CP/M iligawanywa kwa sababu hiyo: kipande cha wote, na kipande cha kila mashine kinachounganishwa juu yake. Kwenye PC, huduma ya siriali ya BIOS, INT 14h, haitumii intarapti ya chipu (ishara kwamba herufi imefika). Kwa biti 9600 kwa sekunde zinakuja herufi 960, na chipu ya 8250 inashika moja tu. Ukichelewa kidogo imepotea.

Fankisheni nne zinakutosha: fungua, kuna kitu?, soma, andika. Mgeni mwenye mashine usiyoijua atajaza hizo nne tu.

Mhenga1200

Msiizike ZMODEM wakuu. Forsberg aliiandika kwa ajili ya Telenet, mtandao ambao jibu la kila bloku lilichukua muda kurudi, na kwa kazi hiyo ilifaa kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 90, barua pepe za baadhi ya mashirika na hospitali hapa Afrika Mashariki zilipita FidoNet (mtandao wa kompyuta zilizopigiana simu), nyingine zikipigiwa hadi London. Simu ya kimataifa ikikatika katikati ya faili, kuendelea ulipoishia ni pesa iliyookolewa. Ila kwa waya wa mita mbili mezani kwako, mkuu, hakuna ucheleweshaji wa kukwepa. Faida yake kubwa huioni.

Kipanga_Z80

Mmenifumbua macho. Dada MamaTerminali, Kermit inapoteza kiasi gani hasa?

MamaTerminali

Piga hesabu ya baiti zote 256 zikija kwa usawa. Angalau 66 zinahitaji #, na kwenye waya wa biti saba 128 zinahitaji &. Data inavimba kwa zaidi kidogo ya robo tatu. Waya ukipitisha biti nane, & inaondoka na unabaki na karibu robo. Maandishi ya kawaida hayaongezeki sana, na baiti zinazojirudia hubanwa kwa ~. Pakiti ya msingi ina kikomo cha herufi 94. Pakiti ndefu zilikuja baadaye, ziweke kama nyongeza ya hiari.

Kipanga_Z80

Basi nimeamua. Nitatoa faili mbili: kipokezi cha XMODEM kwa HEX, kidogo kabisa, kazi yake ni kuleta ya pili, na ya pili ni Kermit kwa C yenye zile fankisheni nne. ZMODEM naiacha.

Nyuki_C

Safi sana. Andika leseni ndani ya kila faili la msimbo. Columbia walifunga mradi wa Kermit mwaka 2011 wakaiachia C-Kermit kwa leseni huria ya BSD, na hadi leo watu wanaitunza kwa uhuru.

Bahari8biti

Na weka faili la majaribio kwenye toleo: baiti zote kuanzia 0 hadi 255, zirudiwe mara chache, kisha baiti moja ya ziada ili urefu usigawanyike kwa 128. Kwa Kermit, likienda na kurudi bila kubadilika (kwenye CP/M, ukiacha ujazo wa rekodi ya mwisho) kwenye waya wa biti saba na wa biti nane, toa. Mimi nina mashine ya CP/M yenye 8251, nitumie kipande cha siriali nikijaze.