Tupeane uzoefu: programu gani ya kufundishia iliwahi kulibadilisha darasa lako, na ipi ilikuaibisha?

Chaki Nyeupe (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa Hisabati, shule ya kata huku Nyanda za Juu Kusini. Jana wathibiti ubora walipita. Mmoja akafungua andalio langu la somo, akauliza kwa nini upande wa zana kumeandikwa "chaki, ubao, kitabu" kuanzia Januari mpaka leo. Nikamjibu kwamba kompyuta huwa naitumia, ila siandiki. Akacheka, akasema andika basi. Usiku nikakaa nikahesabu nimetumia nini na nini tangu niajiriwe, na kipi hasa kilikuwa na faida. Naanza, nanyi mshushe vya kwenu.

Cha kwanza ni GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo. Nilipewa na jamaa kwenye flashi, nikaiweka kwenye mpakato wangu wa mtumba. Ni ya bure, na ukishaiweka haidai bando. Ilianzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Salzburg, Austria. Siku hiyo nilikuwa na kidato cha tatu, grafu za kwadratiki. Mnajua shughuli yake kwa chaki: jedwali, nukta, mkunjo unaopinda kama kiuno cha mlevi, grafu moja dakika kumi. Nikaandika y = ax² + bx + c, nikaweka vile vitufe vya kuburuta vya a, b na c. Nikiburuta a, mdomo wa grafu unabana, unapanuka, a ikifika sifuri mkunjo unanyooka, ikipita hapo unageuka kichwa chini. Darasa likapiga kelele kama Simba na Yanga.

Nikaja kwenye b. Miaka yote nilikuwa nafundisha kwamba b inaisogeza grafu kando. Nikaburuta kulia. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye sikumbuki kama aliwahi kuuliza swali, akasema: "Mwalimu, mbona inashuka pia?" Nikaburuta kushoto, ikashuka tena. Nikakwama mbele ya watoto sabini na kitu. Nikawaambia nitajibu kesho.

Usiku nikachukua kalamu. Ncha ya mkunjo iko pale x ni –b/2a, na y ni c – b²/4a. Ukiiondoa b katika hizo mbili unabaki na y = c – ax². Maana yake ncha inatembea juu ya parabola nyingine iliyogeuzwa! Kesho yake umeme haukuwepo, nikaifanya yote kwa chaki, na sijawahi kusikilizwa vile. Mpaka leo sijui nilifundisha kwa kompyuta au kwa ubao.

Aibu yangu ni sidii moja ya mazoezi ya kuchagua jibu, ukipata unapewa nyota. Nikafurahi wiki mbili nzima kwa jinsi wanavyokusanya nyota, hadi nilipomsimamia mmoja nyuma yake. Alikuwa anabonyeza majibu yote manne kwa zamu, mwishowe nyota inakuja tu. Hata swali hakuwa anasoma.

Karibuni.

Kipanga wa Mbozi

Hiyo ya nyota nimecheka hadi chai imemwagika. Wangu waligundua hivyo hivyo, siku ya kwanza.

Mzee wa Slaidi

Jina langu linajieleza. Mwaka niliponunua mpakato nilichapa somo zima la Historia kwenye PowerPoint, slaidi 64, kila moja imejaa maandishi mpaka pembeni, na herufi zinaingia zikizunguka. Nikafunga mapazia ili projekta ionekane. Dakika ya kumi na tano ninachosikia ni "Sir, rudisha nyuma, hatujamaliza kunakili." Nikirudisha nyuma waliomaliza wanalala. Nikienda mbele waliochelewa wanalalamika. Mwisho nikatoa chapa, nikawagawia, tukafungua mapazia.

Siku hizi naweka picha moja au ramani moja, naiacha hapo kipindi kizima, tunabishana juu yake. Sina zaidi.

Fyuzi 13

Fizikia, shule ya wasichana, Pwani. Mimi ninatumia PhET, ile ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ya majaribio ya kuigiza. Unaweza kushusha jaribio mojamoja ukalifungua baadaye bila mtandao. Mzee aliyeianzisha mwaka 2002, Carl Wieman, ni mshindi wa Nobel ya Fizikia, kwa hiyo si mchezo wa watoto, japo unaonekana hivyo.

Wanafunzi wangu, kama wa kwenu, huamini kwamba balbu "inakula" umeme. Ukizipanga balbu mbili kwa mfuatano, wanasema ya kwanza inashiba na ya pili inabakiziwa makombo. Nimewafuta hilo ubaoni mara ngapi, kwenye mtihani linarudi. Basi nikafungua jaribio la saketi. Pale unaviona vile vidude vya bluu, elektroni, vikitembea ndani ya waya. Mwendo wao kabla ya balbu na baada ya balbu ni uleule, na balbu mbili zinawaka sawa. Nikageuka nikiwa na ushindi usoni. Unajua waliniambia nini? "Madamu, programu imekosewa."

Nikasema sawa, tufanye ya kweli. Nikaleta betri mbili, waya, na balbu mbili za tochi nilizonunua sokoni. Kumbe hazikuwa za aina moja. Nikaunga, moja ikawaka vizuri, nyingine kama kaa la jana. Na iliyowaka vizuri ndiyo ya kwanza kutoka kwenye betri! Darasa likalipuka. Nilitamani sakafu inimeze.

Aliyeniokoa ni mwanafunzi. Akasema, "Madamu, tuzibadilishe nafasi." Tukabadilisha. Ile yenye nguvu ikawaka vilevile hata ikiwa ya pili, ile dhaifu ikabaki dhaifu hata ilipokaa mbele. Kwa hiyo hakuna cha wa kwanza kushiba, tofauti ni ya balbu zenyewe. Hapo ndipo waliporudi kwenye skrini kuiangalia upya, safari hii bila ubishi.

Halafu upande wa pili. Walipenda sana ile programu kwa sababu ukiunga waya bila kizuizi betri inawaka moto kwenye skrini, wakawa wanachoma betri kutwa. Kwenye skrini wamekuwa mafundi. Tukaja kwenye vitendo vya kweli kujiandaa na mtihani wa taifa wa NECTA, kundi zima limeunga saketi sahihi kabisa, hakuna kinachowaka. Naenda kuangalia: wamefunga waya na ganda lake. Kwenye programu waya hauna ganda, kwa hiyo kuchuna hakumo vichwani mwao.

Mwalimu wa Gredi

Hamjambo wenzangu, salamu kutoka magharibi mwa Kenya. Sisi tableti zililetwa na mpango wa serikali ulioanza 2016, za watoto wa darasa la kwanza, zikiwa na masomo tayari ndani. Hapa shuleni mwetu mwalimu mkuu wa wakati huo aliziogopea wezi, akazifungia stoo yenye mlango wa chuma, na ufunguo ukawa wake peke yake. Zilitoka siku za wageni. Tulizoea hata kusema tukiziona mezani, "leo kuna mgeni."

Alipohamishwa, aliyekuja akanipa ufunguo. Sasa kazi ikaanza. Stima ikiwapo, soketi ni mbili. Watoto watatu kwa tableti moja, na kila mmoja ana vidole kumi. Siku ya kwanza vilio, siku ya pili mmoja aliumwa mkono. Nikaweka sheria: anayeshika hagusi, anayegusa hashiki, wa tatu anasoma kwa sauti. Nikipiga kofi wanabadilishana. Hiyo sheria ndiyo iliyoniokoa, wala haimo kwenye semina yoyote niliyohudhuria. Yule wa tatu, msomaji, ndiye anayejifunza zaidi kuliko wenzake. Mpaka leo naifikiria sababu.

Mzee Ubao

Nawasoma tu. Nina miaka 31 kazini, Fizikia na Hisabati. Darasa langu lina wanafunzi 112 na soketi moja ambayo imelegea, ukiigusa inarusha cheche. Mnataka niburute nini? Nimewatoa madaktari na wahandisi kwa kipande cha chaki. Kila baada ya miaka kadhaa kinakuja kidude kipya, tunapigwa picha nacho, kinaingia kabatini. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu, niambieni kwa ukweli wangapi wanafundishia, na wangapi wanatazamia mpira.

Chaki Nyeupe

Shikamoo mzee wangu. Changu nakitumia kusoma vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na mpira pia, siwezi kukudanganya. Lakini lile swali la yule binti nisingelipata kwa chaki. Nisingeweza kuchora grafu thelathini ndani ya dakika moja.

Mzee Ubao

Marahaba. Hilo nakupa.

Shangazi wa Handeni

Mimi si mwalimu, mniwie radhi kuingilia. Kuna jambo nililiona mkoani Tanga, kijijini kwa kaka yangu. Ni ile ya XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kujifunzia, vijiji karibu 170 walipogawa vishikwambi kwa watoto, wengi wao hawajawahi kukanyaga shule, vikiwa na programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Havikuwa na mwalimu. Kazi ya watu wazima ilikuwa kuvichaji kwa sola na kutengeneza vikiharibika. Mwaka 2019 wakatangaza washindi wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10.

Mtoto wa kaka alikuwa wa kuchunga mbuzi, shule iko mbali. Alijifunza herufi kwa kile kidude, nami nimemwona kwa macho yangu akisoma jina kwenye mfuko wa unga. Lakini alipoanza shule baadaye, penseli ilimshinda. Amezoea kuandika kwa kidole, herufi moja kubwa kama kiganja. Kila penseli anaikandamiza inavunjika. Na akikosea alikuwa ananyamaza kusubiri, kwa sababu kishikwambi kilikuwa kinamwambia hapo hapo na daftari halisemi kitu. Mwalimu wake akadhani ni mzito. Ilichukua muhula mzima watu kumwelewa.

Huyo dada wa waya na ganda ndiye aliyenikumbusha.

Fyuzi 13

Shangazi, umenigusa. Ni kitu kilekile kabisa.

Kiti cha Nyuma

Nipo shule binafsi Dar, maabara ya kompyuta tunayo, kwa hiyo msinipige mawe. Kahoot, ile programu ya chemsha bongo. Wanafunzi wanaipenda kuliko mapumziko. Muziki, rangi, sekunde ishirini, ukijibu haraka unapata alama zaidi. Mwezi mzima washindi walikuwa walewale watano, nikawa naamini ndio wanaojua Biolojia. Kwenye jaribio la karatasi watatu kati yao wakaanguka, na msichana aliyekuwa wa mwisho kila siku akaongoza.

Nilichokuwa napima ni nani anasoma Kiingereza kwa kasi. Yule binti alikuwa anamaliza kulisoma swali wakati muda umekwisha. Sasa nimerefusha muda, wanacheza kwa makundi, na swali nalisoma mimi kwa sauti kabla halijafunguka. Kelele zimepungua kidogo, wenyewe wanalalamika haina raha tena.

Fundi Waya

Mimi ni fundi, nahudumia shule kadhaa. Nawaomba jambo moja: msiende semina mkarudi na programu inayotaka mtandao wakati wote. Siku ya kipindi bando litaisha, mnara utazingua, na watoto wanakutazama.

Kwa shule isiyo na mtandao mimi nafunga Kolibri, programu ya masomo na mazoezi. Ni ya bure. Kompyuta moja inakuwa seva, nyingine na simu zinaungana nayo kwa waifai ya ndani, na mwalimu anaona nani amekwama swali gani. Menyu zake ziko hata kwa Kiswahili. Kushusha masomo ndiyo kazi, ukijaza video unafika makumi ya GB, kwa hiyo nenda mjini mahali penye intaneti nzuri, chagua mada mnazofundisha tu.

Na flashi! Flashi moja ya mwalimu inayotoka steshenari kuchapisha mitihani ndiyo inayoua maabara nzima. Mnafungua, mafaili yamegeuka njia za mkato, mnaniita usiku. Mwe na flashi ya shule isiyotoka nje.

Mistari ya Kontua

Jiografia. Google Earth, nikishazipitia sehemu ninazotaka nikiwa na mtandao, picha zinabaki kwenye kompyuta. Kipindi cha kwanza chote kiliishia kutafuta bati la nyumbani kwa kila mtu. Nikakasirika, lakini cha pili wakatulia. Nikawawekea Mlima Meru, nikauinamisha, wakaona ulivyobomoka upande wa mashariki kama kikombe kilichomeguka. Kisha nikawapa ramani ya karatasi bila kuwaambia ni wapi. Kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, zimefunguka upande mmoja. Wakanitajia mlima kabla sijauliza.

Mzee Ubao

Fyuzi 13, binti yangu. Hiyo ya balbu mbili zisizofanana, ukizibadilisha nafasi. Inawezekana bila hiyo kompyuta?

Fyuzi 13

Shikamoo mzee. Inawezekana kabisa. Betri mbili, balbu mbili za tochi za aina tofauti, waya. Zijaribu kwanza nyumbani, nyingine zinapishana mno, moja haiwaki kabisa. Na wape wakisie kwanza kwa kuandika, kabla hujaunga.

Mzee Ubao

Marahaba. Balbu ninazo, za tochi ya zamani. Waya nitawapa wachune wenyewe. Jumatatu, kipindi cha tatu.