Kichefuchefu cha sindano ya kupunguza uzito: dawa ipi ya kukituliza ina usalama zaidi?

Nuru: Ndugu wanajukwaa, ninatumia semaglutaidi, sindano ya kupunguza uzito ya mara moja kwa wiki. Tangu dozi ipandishwe kutoka miligramu 0.5 hadi 1, kichefuchefu hunishika siku inayofuata sindano, na huzidi nikijilaza baada ya chakula cha jioni. Kutapika ni kwa nadra, ila choo kimekuwa kigumu. Nimetajiwa dawa tatu za kichefuchefu, ondansetroni, metoklopramidi na domperidoni, na kila anayenishauri anaisifia yake. Naomba mnisaidie kuzilinganisha kabla sijamwona daktari. Natumia pia sitalopramu kwa ajili ya sonona.

Mfamasia: Dada Nuru, umefanya vyema kuitaja sitalopramu, maana ndiyo itakayoamua mengi hapa. Dawa hiyo inaweza kuchelewesha umeme wa moyo kujipanga upya baada ya kila pigo, na ondansetroni na domperidoni nazo zina tabia hiyohiyo. Zikikutana mwilini, hatari ya mapigo kwenda mrama huongezeka, hasa kwa mtu ambaye potasiamu yake imeshuka kwa sababu ya kutapika au kuhara. Kwa hiyo domperidoni haitakiwi kabisa pamoja na sitalopramu. Ondansetroni daktari anaweza kuifikiria, lakini baada ya kupima moyo na chumvi za damu, si kwa kuichukua dirishani kwa mazoea.

Kuna na suala la choo. Semaglutaidi yenyewe hufunga choo, na ondansetroni hufanya vivyo hivyo, kiasi kwamba mtu anaweza kuondokewa na kichefuchefu akabaki na tumbo lililojaa na kuuma. Wengi hulisahau hili kwa sababu ondansetroni haileti usingizi na hufanya kazi haraka, jambo linaloifanya ionekane dawa isiyo na lawama.

Mkimbiaji: Basi metoklopramidi si ndiyo jibu? Sindano hizi huchelewesha chakula tumboni, na metoklopramidi hulisukuma tumbo lifanye kazi. Kimantiki zinakamilishana.

Mfamasia: Hoja yako ina msingi, ndugu, ila ni nusu ya habari. Kichefuchefu cha sindano hizi hakitoki tumboni peke yake. Dawa hugusa pia sehemu za ubongo zinazohusika na shibe na kutapika, hivyo kulisukuma tumbo hakuhakikishi nafuu. Metoklopramidi nayo huingia kwenye ubongo, ambako inaweza kuleta hali ya kutotulia, kukakamaa kwa shingo au taya, na ikitumiwa muda mrefu, mienendo ya uso na ulimi isiyozuilika ambayo huenda isiondoke hata dawa ikiachwa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliwekea matumizi yake kikomo cha siku 5, na kwa mtu mzima isizidi miligramu 30 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa Parkinson hapaswi kupewa. Anayetumia dawa za sonona kama sitalopramu anahitaji uangalizi wa ziada, na mwenye dalili za utumbo kuziba asiiguse.

Mzee Kijana: Mimi nilipewa promethazini. Kichefuchefu kilitulia, nami nikatulia pamoja nacho hadi asubuhi. Anayeendesha gari au mashine asiichezee, wala asiichanganye na pombe.

Mfamasia: Naam, na hiyo pia hukausha kinywa na kufunga choo. Kwa maoni yangu, swali la kwanza kwa daktari liwe juu ya dozi ya sindano. Ngazi za kawaida za semaglutaidi ya kupunguza uzito ni miligramu 0.25, 0.5, 1, 1.7 na 2.4, na kwa kawaida hupandishwa kila baada ya wiki 4. Anayeshindwa kuvumilia anaweza kucheleweshwa kwenye ngazi aliyopo au kurudishwa chini. Mtu anayemeza vidonge vya kichefuchefu ili tu aendelee kupanda ngazi anaizima kengele huku moto ukiendelea. Nafuu isitarajiwe kesho yake, kwa kuwa nusu ya dawa huchukua takriban wiki moja kuondoka mwilini. Wakati huo punguza kiasi cha chakula na mafuta, kula taratibu, acha mara tu unaposhiba, na usijilaze mapema baada ya kula.

Mkunga: Naongeza mawili. Maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, hasa yanayopenya hadi mgongoni, yanaweza kuwa ya kongosho, na yakiwa upande wa juu kulia pamoja na homa au macho ya manjano, yanaweza kuwa ya kifuko cha nyongo; hapo si wakati wa kidonge cha kichefuchefu, ni wakati wa kwenda hospitali. Vivyo hivyo kwa asiyeweza kubakiza hata maji tumboni, kwa kuwa figo huumia, na kwa mwenye kisukari anayetumia insulini huku hali chakula, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla.

La pili ni kwa wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango. Kutapika muda mfupi baada ya kumeza kunaweza kukipoteza kidonge. Wanaotumia tirzepataidi, nayo ni sindano tofauti na ya Dada Nuru, hushauriwa kuongeza kinga nyingine, kama kondomu, kwa wiki 4 baada ya kuanza na wiki 4 baada ya kila dozi kupandishwa, hata kama hawajatapika.

Nuru: Nashukuru sana. Nitaomba nirudishwe miligramu 0.5 na nipimwe moyo, kisha ndipo tuzungumzie ondansetroni.