Tunalipa sawa lakini ukumbi ni wa wenye panga peke yao, TUMECHOKA

Jamani habari za saa hizi. Leo nna hasira na ntasema yote, mwenye kuona refu apite.

Mie ni mtu wa Lamu lakini niko huku Minnesota, na tuna kikundi chetu cha watu wanaopenda mambo ya Ulaya ya miaka ya 1500 na kitu. Kuna wanaocheza dansi za enzi hizo, kuna wanaopigana na zile panga nyembamba ndefu, na kuna sisi tunaosuka lesi kwa mkono. Tunakodi ukumbi chini ya kanisa, masaa matatu kila wiki, kila mtu dola 25 kwa mwezi, hakuna wa kumi hakuna wa arobaini. Sasa niambieni kwa nini wenye panga wanakula masaa mawili na nusu??

Sisi wa lesi tumesukumwa kwenye korido karibu na choo, taa yenyewe moja na inazimika inawaka. Kwa asiyejua, hii kazi unatandika karatasi yenye vitobo juu ya mto mgumu, unachomeka pini kwenye vitobo, uzi umezungushiwa vijiti vidogo jozi kwa jozi, unashika vinne unakatisha, unasokota, unachomeka pini, unaenda mbele, na ukikosea kimoja unafumua mpaka ulipokosea. Gizani utafanya vipi? Mamangu alikuwa akishona kofia za viua, macho yake najua yaliishia wapi.

Basi juzi jitu moja refu na maski yake ya waya usoni likipita kwenda kunywa maji likaupiga teke mto wangu. Pini zikatawanyika, vijiti vikaviringika mpaka mlangoni kwa choo, ule ukingo wa kola niloukalia wiki na wiki ukawa kama wavu ulopitiwa na kaa. Eti "sorry sikuona". Na hiyo kola unajua ya nani? YA KWAO! Wanataka kola na lesi za mikononi za kuvaa kwenye maonyesho ya kiangazi, na wanataka bure, uzi tununue wenyewe. Tuliomba taa moja tu ya mezani tukaambiwa hela hakuna, mwezi huo huo zikaja glavu mpya na panga mbili za chuma.

Wa dansi nao wamepewa nusu saa ya mwisho, watu washachoka, viti vimesongamana. Pavani sawa, hiyo ni kutembea kwa madaha tu hata ukumbi ukibana utaicheza, lakini galiadi? Mapigo sita, manne ya mwanzo unarusha mguu huu na huu, la tano unaruka juu, la sita unatua umesimama kama mtu mwenye heshima zake. Utarukia wapi, juu ya kiti? Mwaka 1589 mtu wa ikulu ya Uingereza aliandika kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza galiadi sita saba za asubuhi ndo mazoezi yake ya kawaida, na mama wa watu alikuwa na miaka 56. Sisi na ujana wetu hatupati hata moja nzima.

Nikamuuliza kiongozi, akanijibu upanga ndo unaoleta watu, dansi ni ya kujifurahisha tu. Hapo ndo nilipopandwa na mori. Kile kitabu cha dansi tunachokitumia sote, cha yule padri Mfaransa Arbeau, cha mwaka huo huo 1589, kinaanza na kijana aliyekwisha kujifunza upanga na tenisi, bado anakuja kwa mwalimu kuomba afundishwe kucheza maana bila dansi hapendezi mbele ya mabinti. Na humo humo mna dansi ya kuchezwa na panga mkononi! Hao watu hawakutenga. Hata kwetu kirumbizi ni fimbo na ni ngoma hapo hapo, zumari likilia unaingia, usiyejua kuchukua mguu kwa mdundo utachapwa mbele za watu. Hawa wetu hawaji dansini hata siku moja, ndo maana wanajikwaa wenyewe wakirudi nyuma.

Mie nshawaambia kola haitoki mpaka saa zigawanywe, saa moja moja, na lesi waingie ndani penye taa. Wamenitoa kwenye grupu la WhatsApp. Michango ya mwezi huu lakini wameipokea, hiyo hawakuirudisha.

Walio kwenye vikundi kama hivi huko Ujerumani, Uingereza, Canada, nyie mnagawana vipi ukumbi? Na hela za vifaa anashika nani? Atakayekuja kuniambia niache mambo ya wazungu nikacheze chakacha, chakacha naicheza pia, apite.